Sikio Litazamwe Kwanza

Leo nazungumzia nta ya masikio, ile ambayo wengi wetu tumelelewa tukiamini ni taka, na kwamba mtu nadhifu haiachi ikae. Ukitoka kuoga unachukua kijiti chenye pamba, unakizungusha, unatazama rangi iliyotoka, unaridhika. Asiye na kijiti anatumia njiti ya kiberiti, pini ya nywele, mfuniko wa kalamu, au unyoya wa kuku kama walivyofanya bibi zetu. Nimemwona dereva wa daladala akisubiri abiria kituoni, ufunguo wa gari umo sikioni, macho ameyafumba kwa raha. Nina ombi moja tu kwako jioni hii, na mengine yote nitakayosema ni ya kulieleza: kabla kitu chochote hakijaingia sikioni mwako, kiwe kijiti, mafuta, maji au dawa, sikio hilo litazamwe ndani na mtu mwenye taa na ujuzi wa kulitazama.

Tuanze na sikio lenyewe. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa sentimita mbili na nusu hivi, kuanzia mlangoni hadi kwenye kiwambo, ambacho wengine hukiita ngoma ya sikio. Theluthi yake ya nje ni gegedu lililofunikwa na ngozi yenye vinyweleo na tezi. Nta hutengenezwa hapo tu. Sehemu yote iliyobaki kwenda ndani ni mfupa wenye ngozi nyembamba sana, isiyo na tezi wala kinyweleo. Kwa hiyo nta inayokutwa imeganda karibu na kiwambo haikuzaliwa huko. Ilipelekwa.

Nta ni mchanganyiko wa mafuta ya tezi, seli za ngozi iliyokufa na vumbi. Ina uchachu kidogo, na bakteria na fangasi hawastawi vizuri kwenye uchachu. Inazuia maji ya kuoga yasilowanishe ngozi ya ndani, inanasa vumbi la barabarani, inamkwamisha hata mdudu aliyepotea njia. Na ngozi ya humo ina tabia ya ajabu: inatembea. Seli mpya huanzia kwenye kiwambo, husogea pembeni, kisha hushika ukuta wa tundu kuelekea nje, kwa mwendo unaokaribiana na wa kucha kuota, na njiani hubeba nta na vumbi. Taya nalo linasaidia. Kila unapotafuna au kuzungumza, ukuta wa tundu unacheza kidogo na nta iliyokauka inabanduka. Ikifika mlangoni inadondoka yenyewe, au unaifuta kwa kitambaa ukinawa uso. Usafi unaohitajika unaishia hapo, pale kitambaa kilichovikwa kidoleni kinapofika.

Sasa mtu anaingiza kijiti. Kile kidogo kinachotoka na pamba ndicho anachokiona. Kikubwa kinasukumwa ndani, kinapita gegedu, kinafika kwenye mfupa ambako hakuna kinyweleo cha kukirudisha. Kesho anasukuma tena. Ni kama mtu anayeshindilia baruti kwenye gobore, halafu anashangaa kwa nini mtutu umeziba. Na kiwambo kilicho mwisho wa njia hiyo kina unene wa takriban sehemu moja ya kumi ya milimita.

Kuna jambo lingine ambalo wanaochokonoa masikio kila siku watalitambua. Sikio linawasha, unakwangua, unapata raha, kesho linawasha zaidi. Ulichokwangua ni yale mafuta yaliyokuwa yakilainisha ngozi. Ngozi imebaki kavu, ina michubuko isiyoonekana, inawasha, na mkono unarudi kulekule. Kama kilichoingia ni unyoya uliookotwa bandani au ufunguo uliopita mikono ya watu wengi, kimeacha na vijidudu ndani ya michubuko. Baada ya siku chache tundu limevimba, na mtu hawezi hata kulalia upande huo.

Vijiti vya pamba tunavyovinunua dukani vina umri wa karne moja. Leo Gerstenzang, Mmarekani mzaliwa wa Poland, alivianzisha mwaka 1923 baada ya kumwona mkewe akizungushia pamba kwenye kijiti cha kuchokolea meno ili amsafishe mtoto. Pakiti nyingi za siku hizi zina onyo kwamba visiingizwe ndani ya tundu la sikio. Soma pakiti iliyoko bafuni kwako. Wanaoviuza wamekuambia usifanye kile ambacho karibu kila mnunuzi anavinunulia. Huko huko Marekani, watafiti wa hospitali ya watoto iliyoko Columbus, Ohio, walikadiria kwamba kuanzia 1990 hadi 2010 watoto wapatao 263,000 walitibiwa katika vyumba vya dharura kwa sababu ya majeraha ya sikio yaliyotokana na vijiti hivyo. Ni watoto 34 hivi kwa siku. Wengi waliumia wakati sikio likisafishwa, na mara nyingi aliyeshika kijiti alikuwa mtoto mwenyewe. Mtoto huiga. Alimwona mama au baba akifanya mbele ya kioo.

Nisieleweke kwamba kila sikio lililoziba limechokonolewa. Wengine wana matundu membamba au yaliyopinda. Uzeeni nta hukauka, vinyweleo huwa vigumu, mwendo ule wa ngozi hupungua. Anayevaa kifaa cha kusaidia kusikia, au kijana anayeshinda na hedifoni za kuchomeka masikioni, ameweka kizibo mlangoni na nta haina pa kutokea. Mwongozo wa madaktari wa masikio, pua na koo wa Marekani wa mwaka 2017 unasema nta iliyoziba hukutwa kwa mtoto mmoja kati ya 10, kwa mtu mzima mmoja kati ya 20, na kwa zaidi ya theluthi moja ya wazee. Hebu mfikirie mzee uliye naye nyumbani.

Nilipata kumsindikiza mzee wa mtaani kwetu kwenye kituo cha afya. Nyumbani walikuwa wamekwisha kukubali kwamba uzee umemchukulia masikio. Redio aliiweka sauti ya kusikika hadi kwa jirani, akiulizwa kuhusu chai anajibu habari za mvua, na wajukuu walikuwa wameacha kumsimulia mambo. Tabibu alikuwa binti mdogo. Akasema, "Shikamoo, babu." Mzee kimya. Akamsogelea sikioni, akarudia. "Marahaba, mjukuu wangu." Akalivuta sikio juu na kwa nyuma ili tundu linyooke, akachungulia kwa otoskopu, kile kifaa chenye taa na kioo cha kukuza. Kulia kumeziba kabisa, kushoto vilevile. Hakukimbilia bomba la maji. Aliuliza kwanza. Babu una kisukari? Uliwahi kutoka usaha masikioni, hata utotoni? Kuna sikio lililopata kutoboka au kupasuliwa? Unasikia maumivu? Mwanawe alijibu kwa niaba yake pale alipokuwa hasikii. Wakapewa matone ya kulainisha na tarehe ya kurudi.

Siku ya kurudi, binti alipasha maji, akayajaribu kwa kuyamwagia upande wa ndani wa kifundo cha mkono wake mwenyewe. Akamfunika mzee taulo begani, akamshikisha chini ya sikio kibakuli chenye umbo la figo. Maji aliyaelekeza kwenye ukuta wa juu wa tundu, upande wa nyuma, ili yazunguke nyuma ya nta na kuisukuma nje, hakuyalenga kiwambo. Yalitoka na rangi ya chai, kisha vipande vidogo, kisha kizibo chenyewe kikadondoka kibakulini: cheusi cheusi, ukubwa wa harage, na kimeshikana na nyuzi za pamba. Pamba ile ilikuwa ya vijiti. Mzee akainua uso akatazama darini. "Feni hili linapiga kelele namna hii?" Mwanawe akamjibu, "Siku zote, baba." Binti akachungulia tena kuhakikisha kiwambo ni kizima, ndipo akahamia sikio la pili.

Nimelisimulia hili kwa kirefu kwa sababu ya yale maswali. Kwetu Afrika Mashariki, watoto wengi hutoka usaha masikioni, na wengi hukua na tundu kwenye kiwambo bila mtu kujua. Mtu ana miaka 40, amesahau kabisa kwamba utotoni mama yake alikuwa akimpangusa usaha. Ukimwagia maji au mafuta sikio la namna hiyo, yanapita moja kwa moja hadi chumba cha kati cha sikio. Anapata maumivu, kizunguzungu, na usaha uliokuwa umelala unaamka. Ndiyo maana mafundisho ya Shirika la Afya Duniani kuhusu masikio yanakataza watu kujitilia sikioni mafuta, dawa za miti shamba au mafuta ya taa. Nami naongeza maji ya vitunguu, mkojo na maziwa ya mama, kwa maana najua bado vinatiwa.

Msikilizaji mwenye ndugu Uingereza ataniambia kwamba huko wanashauriwa watie mafuta ya zeituni nyumbani, na wanapona. Ni kweli, na mafuta hulainisha nta vizuri. Lakini ushauri ule unamhusu mtu ambaye kiwambo chake ni kizima. Kwetu, ambako viwambo vilivyotoboka ni vingi, huwezi kulichukulia hilo kuwa limekwisha kujulikana. Mtu akishatazamwa na kuambiwa ni nta tupu na kiwambo hakina tatizo, basi mafuta yale yale yanamfaa na yeye.

Na afanye hivi. Alale ubavu, sikio lililoziba likiwa juu. Kichupa akishike kiganjani dakika chache kipate joto la mwili. Mafuta yasipashwe jikoni, maana watu wameungua. Avute sikio juu na kwa nyuma, atie matone matatu hivi, akae hivyo dakika tano. Mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku tatu hadi tano. Siku za mwanzo sikio linaweza kuziba zaidi, kwa sababu nta iliyolowa inavimba. Asiogope, wala asichukue kijiti kuimalizia. Likiuma, aache. Mwenye mzio wa lozi asitumie mafuta ya lozi. Wala pesa nyingi hazihitajiki. Wachambuzi wa mtandao wa Cochrane walikusanya majaribio yaliyofanywa kuhusu matone haya, wakatoa ripoti yao mwaka 2018, na hawakupata ushahidi kwamba aina moja inashinda nyingine. Hata maji matupu na maji ya chumvi hayakuonekana kuachwa nyuma. Mfamasia akikuuzia kichupa cha bei kubwa kwa madai kwamba ndicho pekee kinachofanya kazi, muulize anajuaje.

Kuhusu maji ya kusafishia, joto lake lina habari yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita, daktari kijana aitwaye Robert Bárány alikuwa akisafisha masikio ya wagonjwa mjini Vienna. Baadhi yao walipata kizunguzungu, na macho yao yalikuwa yakichezacheza yenyewe. Mgonjwa mmoja akamwambia kwamba kizunguzungu humpata maji yakiwa ya baridi. Bárány akatumia maji ya moto zaidi. Kizunguzungu kikaja tena, ila safari hii macho yalicheza kuelekea upande wa pili. Akaelewa kwamba ndani zaidi ya sikio kuna mirija yenye majimaji inayotuwezesha kusimama bila kuyumba, na kwamba baridi au moto ukiifikia, majimaji hayo yanatembea, ubongo unadhani kichwa kinazunguka. Ugunduzi huo ulimpa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1914, na habari zilimkuta akiwa mfungwa wa vita nchini Urusi. Mpaka leo madaktari hupima mizani ya mwili kwa maji ya joto mbalimbali sikioni. Na mpaka leo mtu anayejipulizia maji ya bombani kwa bomba la sindano nyumbani anaweza kujikuta ameanguka bafuni. Maji yawe ya joto la mwili, nyuzi 37, na mkono uwe wa aliyefundishwa.

Wako ambao hawafai kusafishwa kwa maji kabisa: mwenye kiwambo kilichotoboka, aliyefanyiwa upasuaji wa sikio, anayetoka usaha. Mwenye kisukari, au ambaye kinga ya mwili wake imeshuka, aseme mapema kabla bomba halijajazwa, kwa sababu maji yanayobaki kwenye ngozi iliyochubuka yanaweza kumwanzishia maambukizi yanayopenya hadi kwenye mfupa. Kwao nta hutolewa kwa mashine ya kufyonza au kwa kijikulabu kidogo, daktari akiona kila anachokigusa. Baadhi ya watu hukohoa wakati huo. Kuna neva moja ndefu yenye tawi linalofika kwenye tundu la sikio, na neva hiyohiyo hushughulika na koo. Ikiguswa huku, kikohozi kinatokea kule. Nta yenyewe inaweza kumletea mtu kikohozi ambacho dawa za kifua hazikiponyi.

Mishumaa ya masikio, ile inayochomekwa sikioni na kuwashwa kwa madai kwamba inafyonza uchafu, usiiguse. Watafiti waliipima mwaka 1996 na kukuta haifyonzi chochote. Unga wa kahawia unaobaki ni wa mshumaa wenyewe, na wengine wameunguzwa nao. Vikamera vya kuchokonolea vinavyouzwa mitandaoni na kuunganishwa na simu vinanitia hofu zaidi, kwa vile picha inampa mtu ujasiri asioustahili. Kuona kiwambo kwenye skrini hakuufundishi mkono mahali pa kusimama, na mtoto akigusa kiwiko chako wakati huo, kijiti kiko milimita chache tu kutoka kwenye kiwambo.

Wazazi na walimu, nina neno kwenu. Mtoto anayeitwa mara mbili asiitike, anayekaa nyuma darasani na kunakili makosa ya jirani yake, asichapwe kwanza. Apelekwe akatazamwe. Huenda ni nta, huenda ni usaha, huenda ni punje ya mahindi aliyoitia mwenyewe akicheza. Kama ni punje au harage, msimwagie maji, kwa kuwa itavimba na kukwama. Kama ni betri ile ndogo ya mviringo ya saa au ya mwanasesere, hiyo ni dharura ya saa hiyo hiyo: msitie tone la kitu chochote, mkimbizeni hospitali, kwa sababu betri huunguza nyama za sikio ndani ya saa chache.

Nimalizie na jambo ambalo nta hulificha. Mtu analala mzima, anaamka sikio moja halisikii, pengine lina mlio, pengine ana kizunguzungu. Anasema ni nta, anatia mafuta, anasubiri wiki, anaongeza nyingine. Inawezekana kweli ni nta, hasa kama maji yaliingia sikioni wakati wa kuoga jana na kuivimbisha. Lakini inawezekana pia neva ya sikio au kiungo cha kusikia kilichomo ndani kabisa kimepata hitilafu ya ghafla, na dawa za steroidi zinazotumika kwa hali hiyo hufaa zaidi zikianzwa mapema, katika siku za mwanzo. Kinachotenganisha mambo hayo mawili ni kuchungulia. Tabibu akikuta tundu limeziba, atalizibua. Akikuta liko wazi na kiwambo ni kizima, basi tatizo liko ndani zaidi, na unatakiwa ufike kwa daktari wa masikio, pua na koo siku hiyo au kesho yake. Kwa Tanzania, idara za madaktari hao zipo katika hospitali za Muhimbili, Bugando na KCMC, na kwa walioko Nairobi, Hospitali ya Kenyatta. Dirishani usiseme tu kwamba sikio limeziba, maana utapewa matone na kurudishwa nyumbani. Sema hivi: "Jana nilikuwa nasikia vizuri, leo upande huu sisikii. Naomba mnitazame ndani."